Nyumba Nyekundu ya Mtu Mmoja

Maji yalipungua mtoto akiwa na sabuni mpaka ndani ya masikio. Hayakuisha kabisa, afadhali yangeisha. Mfereji ulianza kutoa uzi, mwembamba kama wa kushonea kifungo, halafu ukaanza kukohoa. Hapo hapo simu ikalia kwenye dirisha. Nikapangusa mkono kwa leso, nikasoma: "Mpendwa mteja, nyumba yako bado ni NYEKUNDU. Unatumia maji kupita nyumba zinazofanana na yako. Je, unafunga mfereji unapopiga mswaki?"

Mswaki! Tangu nijifungue, kuna siku nilikuwa naukumbuka saa saba mchana.

Sikupiga kelele. Nguvu za kelele ziliisha zamani. Nilimpangusa mtoto kwa tambara kavu, sabuni na yote, nikamfunga mgongoni. Nikachukua beseni la nepi za tangu jana, vile lilivyokuwa na harufu yake, nikatoka. Mama mkwe wangu alikuwa ameketi kwa kigoda mbele ya jikoni, anachambua mboga, wajukuu wengine wakichezea maganda miguuni pake.

"Unaenda wapi na hiyo uchafu?"

"Kwa watu wa maji, Mama."

Aliniangalia, akaangalia beseni, akarudi kwa mboga. "Basi ukirudi pitia dukani. Majani imeisha."

Ndiyo, tunalima chai mpaka kwenye ukingo wa choo, na majani ya kupika tunanunua kwa pakiti.

Hizo mita mpya zilikuja kiangazi kilichopita. Sisi watu wa Boito tumezoea mvua ya mchana kama vile wengine wamezoea kengele ya shule, lakini siku hizi inaruka wiki nzima, na kijito ambako watu wa maji wanavuta maji yao kinabaki mawe matupu. Kwa hivyo sikupinga. Kwenye mkutano walituambia mita zitajisoma zenyewe na kutuma habari ofisini, na kila nyumba itapewa rangi: kijani kwa wanaotunza maji, manjano kwa wa katikati, nyekundu kwa wanaomwaga. Nyumba nyekundu ingepunguziwa presha asubuhi na jioni mpaka ijirekebishe. Tulipiga makofi. Mimi pia nilipiga.

Na sitadanganya, kuna wenye zimewasaidia. Jirani yetu wa ng'ambo ya ua aliambiwa na mita yake kwamba maji yanatembea hata wakati wote wako kanisani. Wakachimba, wakapata paipu imepasuka chini ya napia, yale majani ya ng'ombe. Ile napia yake ilikuwa nzuri sana, tulikuwa tunafikiri ni mbolea.

Lakini sisi tulikuwa wekundu kutoka mwezi wa kwanza. Taa ya mita iko kwa nguzo ya geti, na njia ya kwenda kituo cha kupima chai inapita hapo. Wanawake wakipita na vikapu mgongoni wanaiona.

"Wee, bibi ya kijana wetu! Nasikia umechimba bwawa la kuogelea," mmoja aliniita. "Mbona hatualikwi?"

"Kuja na sabuni yako," nilimjibu. Tukacheka. Nikaingia ndani nikakaa kitandani bila kufanya chochote kwa muda mrefu, mtoto ananyonya, mimi naangalia ukuta.

Kwa sababu sikujua tunamwaga wapi. Tangi la mvua lilipasuliwa na mvua ya mawe, kwa hivyo tulikuwa na mfereji huo mmoja tu. Maji ya kuogesha mtoto mdogo yalikuwa yanaogesha yule anayemfuata, halafu yanaloweka nepi, halafu yanaenda kwa zizi la ng'ombe kuosha sakafu. Maji ya kuoshea mboga yalienda kwa sukuma wiki shambani. Nilianza kuwapigia watoto kelele wakiomba maji ya kunywa. Mume wangu, anayefanya kazi ya boila kiwandani upande wa Sotik na kurudi Jumamosi, aliniuliza kama labda nasahau mfereji wazi. Nilimwangalia mpaka akatoka nje. Nilipiga simu ile namba yao mara nyingi. Sauti ya mashine iliniambia nioge haraka.

Baadaye yule mdogo akatoka vipele vya nepi, vyekundu, vyenye maji. Daktari wa zahanati akasema ni kukosa kusuuzwa vizuri, sabuni inabaki kwa kitambaa. Hiyo ndiyo iliyonimaliza. Waniite mwagaji, sawa. Lakini si ngozi ya mtoto.

Ofisini niliweka beseni juu ya kaunta.

Karani alikuwa mama mmoja wa upande wa ziwa, ukimsikia tu unajua. Alirudisha kiti nyuma. "Mama, hiyo ni nini?"

"Ni nepi. Mnionyeshe vile zinafuliwa na maji ya uzi."

"Sukuma mbele kidogo, dada," mzee mmoja kwa foleni akasema. "Wengine tumekuja hapa na pua."

"Toa hiyo kitu kwa kaunta yangu kwanza."

"Sitoi."

Alinitazama. Nafikiri aliona macho yangu, maana sauti yake ilishuka. "Haya. Nipe namba ya mita." Akabonyeza, akabonyeza, akakunja uso. "Sasa wewe, hii nyumba iko na mtu mmoja."

"Mtu gani?"

"Mmoja. Mama mzee. Sasa mama mzee mmoja anatumia maji hivi, anafanya nini nayo?"

Nikamgeuzia mgongo. "Na huyu ni nani?"

"Huyo kwa kompyuta hayuko."

Yule ambaye hayuko akapiga chafya. Bado alikuwa na sabuni puani.

Hapo nikakumbuka. Kabla mita hazijawekwa, mama mkwe aliniambia kuna bwana alikuja na tableti, amevaa kizibao cha rangi ya machungwa, anauliza maswali ya upuzi. Mimi nilikuwa shambani nachuma, watoto wako kule na mimi kwa kivuli cha mti. Akauliza, mko wangapi hapa? Mama akamwambia, tuko. Wangapi? Tuko tu, vile Mungu ametuweka. Na watoto ni wangapi? "Nikamwambia watoto si ng'ombe ya mnada," mama alinisimulia, amefurahi. "Akaangalia boma, akaona mimi peke yangu, akaguza hiyo kioo yake, akaenda."

Kwetu watoto hawahesabiwi. Wengi wamewacha hiyo mambo, hata mimi nilifikiri nimeiacha shuleni. Lakini mama mkwe alinieleza siku moja tukikamua. Miaka ya nyuma, kabla mimi sijazaliwa, watu wa sensa walikuja, na yeye alikuwa mke mpya, akataka kuonekana amesoma. Akawatajia idadi ya watoto wa boma. Kabla ya mahindi kukomaa, ile idadi haikuwa ya kweli tena. Alisema hivyo tu, akabeba ndoo akaingia.

"Si kitu kubwa," karani akasema, akanipa fomu ya malalamiko. "Jaza hapa. Hapa kwa kisanduku weka namba ya watu, mimi nitabadilisha leo leo."

Kalamu ilikaa juu ya kile kisanduku. Ningeandika tu, na nani angejua?

"Namba tu, mama. Si uchawi."

"Kwenu mnahesabu watoto?"

"Kwetu tunahesabu mpaka kuku."

Mzee wa foleni akacheka mpaka akakohoa. Mimi nikainamia fomu. Niliacha kisanduku wazi, nikageuza karatasi, nikaandika upande wa nyuma. Karani alisoma polepole, mdomo unatembea. Kisha akashusha vidole vyake chini ya kaunta, mahali nisipoona, na nikajua anafanya nini. Akabonyeza kompyuta, akapiga muhuri. Nakala yangu iko kwa kabati, na inasema hivi:

"Nalalamika kuhusu mita iliyo kwa geti letu. Mmeandika mtu mmoja. Wanaotumia maji kwa nyumba hiyo ni: mama mkwe wangu, ambaye mlimwona. Mimi, ninayeandika. Baba yao, ambaye anarudi Jumamosi na nguo za wiki nzima. Yule anayeenda shule ya nasari na kurudi na matope. Yule anayetembea na hajajua choo. Yule anayenyonya, ambaye ana vipele kwa sababu ya presha yenu. Naomba presha irudishwe leo na taa nyekundu itolewe, kwa sababu hatumwagi maji, tunaoga. Naomba pia mtu wenu akienda boma lingine asiulize mko wangapi. Aulize ni nani anayeoga hapa. Ataambiwa wote. Kuhesabu mfanye nyinyi, mkiwa mbali."