Siku Mpira Haukusimama

Harufu ya mawe yaliyosagwa haifanani na harufu ya vumbi la barabarani. Ni harufu ya baridi, kama ya sarafu iliyoshikwa mkononi kwa muda mrefu, na ukikaa nayo unaanza kuionja kwenye ulimi. Mimi nimelelewa ndani ya harufu hiyo, kwenye machimbo ya Nyarugusu, katika nyumba iliyotazamana na makarasha manne, mashine za kusagia mawe ya dhahabu ambazo hunguruma tangu alfajiri mpaka mtu anasahau kwamba zinanguruma. Nyuma ya makarasha kulikuwa na kilima cha marudio. Kwa msomaji ambaye hajafika kwetu, marudio ni mchanga unaobaki baada ya mawe kusagwa na dhahabu kuchenjuliwa. Mchanga wa kijivu, laini kama unga wa muhogo, uliorundikwa kusubiri mwenye mitambo mikubwa zaidi aje anyonye kilichosalia. Leo najua mchanga ule ulikuwa na zebaki, na mwanangu nisingemruhusu hata kuukanyaga. Wakati ule tuliuona kuwa godoro. Ukijiangusha chali ulikupokea bila neno, na ukainuka umepakwa kijivu mpaka kwenye nyusi.

Juu ya kilima hicho ndipo wasichana saba wa darasa la sita tulipojifunza kujenga mnara. Kila shule iliyokwenda kwenye mechi ilikuwa na kundi la washangiliaji, wasichana wa kuimba, kupiga makofi na kutikisa mafundo ya nyuzi zilizochambuliwa kutoka kwenye viroba vya mawe. Sisi tulitaka zaidi. Kabula, rafiki yangu, alikuwa ametumia likizo kwa bibi yake, kijijini upande wa Shinyanga, wakati wa ngoma za baada ya mavuno. Huko makundi mawili hucheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na watu ndio waamuzi: wakihamia upande huu, upande ule umeshindwa, hata kama ngoma yake bado inalia. Kabula aliona wachezaji wakipandana mabegani ili kuwavuta watazamaji. Alirudi akatuambia, "Wanne chini, wawili katikati, mmoja juu. Mimi nitakuwa juu." Hakuna aliyebisha. Alikuwa mdogo wa mwili kuliko sote, mwepesi kama ungo. Mama yake alipikia wachimbaji chakula kule mwaloni, mahali pa kuchenjulia dhahabu, na nyumbani kwao hakikusemwa ila Kisukuma. Darasani watoto wa wageni waliotoka Kigoma, Mbeya na Moshi walimcheka matamshi yake. Akiwa juu ya mabega yetu hakuna aliyemcheka.

Mimi, Zawadi, nilikuwa chini, kona ya kulia. Kazi ya mtu wa chini haionekani, kwa hiyo niieleze. Unapiga goti moja, unakaza tumbo, unatazama mbele, hupumui kwa pupa. Uzito haushuki mara moja. Unakuja kwanza kama mkono wa rafiki begani, halafu kama kiroba cha mawe, na mwisho huwezi tena kujua lipi bega lako na upi mguu wa mwenzio. Tulifanya hivyo kila jioni kwa msimu mzima wa kiangazi. Tulianguka mara nyingi nisizoweza kuzihesabu, na kila tulipoanguka tulicheka, kwa sababu marudio yalitupokea. Hapo ndipo lilipokuwa kosa letu, na ni kosa ambalo watoto wa mahali pengine wasingelifanya: tulijifunza kuanguka mahali ambapo kuanguka hakuumi. Tukadhani tumejifunza kuanguka.

Wavulana wa timu ya mpira walipita kilimani wakienda mazoezini. Nahodha wao, Jumanne, alizoea kusimama na kutukejeli. "Nyie mnahema nini? Wanaocheza ni sisi. Hata mbuzi anapanda kichuguu, mbona hatumpi jezi?" Kabula, akiwa angali juu, alimjibu bila kutazama chini: "Mbuzi akipanda anashuka mwenyewe. Wewe juzi ulipanda mpera ukamlilia baba yako aje na ngazi." Tulicheka mpaka mnara wote ukabomoka. Lakini maneno ya jezi yalituchoma. Tulikwenda kwa mwalimu wa michezo, Mwalimu Bujiku, tukamwamkia, tukamwomba atuandike kwenye orodha ya wanamichezo. Alikuwa mtu mpole. Alituonyesha karatasi yenyewe: jina, namba ya jezi, mchezo. "Wanangu, hapa penye mchezo niandike nini? Kuna mpira wa miguu, kuna pete, kuna riadha. Ninyi ni shamrashamra. Na shamrashamra ni jambo zuri." Tukaondoka tumeridhika nusu, kama mtu aliyepewa mchuzi bila nyama.

Fainali ilichezwa kwenye uwanja wa changarawe nyekundu, uliosindiliwa na miaka ya miguu na magurudumu ya malori mpaka ukawa kama sakafu. Washangiliaji husimama pembeni mwa uwanja wakiwatazama watu, na migongo wameupa mpira. Jambo hilo huwashangaza wengi wakiambiwa: anayeshangilia mchezo ndiye asiyeuona. Kipindi cha pili, bao likiwa bado halijapatikana, tulipanda. Wanne, wawili, kisha Kabula. Nilisikia watu wakipiga vigelegele upande wetu. Waliacha kutazama mpira wakatutazama sisi, wakubwa kwa watoto, na kina mama waliita "Wabeja! Wabeja!", asante ya kwetu, ambayo pia humaanisha hongera. Mcheza kwao hutunzwa, husema wahenga, na mama mmoja alikwisha kufungua kanga ili aje amtunze Kabula. Ndipo sauti kubwa ilipolipuka nyuma yangu, karibu na goli. Nikageuza shingo.

Ni hilo tu nililofanya. Shingo ilipogeuka, bega lilishuka kidogo, labda upana wa vidole viwili. Wa katikati aliyumba, na Kabula akaja chini kwa ubavu. Mlio wa mfupa juu ya changarawe ni mkavu, mdogo, na hauna uhusiano wowote na ukubwa wa jambo lenyewe. Bao lilikuwa limeingia, la kwetu. Watu walimwagika uwanjani wakiruka, na wengine walipita juu yetu bila kujua wanaruka nini. Mchezaji akianguka, mwamuzi hupuliza filimbi, mpira husimama, mtu huja na sanduku la huduma ya kwanza. Nilingoja filimbi. Nilikuwa nimemshika Kabula kichwa, naye alikuwa ananitazama bila kulia, midomo imekuwa ya kijivu kama marudio, na kwa ujinga wa mtoto niliendelea kungoja filimbi. Ilipolia, ilikuwa ya kuanzisha mpira katikati.

Nilikimbia kwa Mwalimu Bujiku. Sanduku lilikuwa miguuni pake. "Ni mchezaji?" aliuliza. Nikasema ni Kabula. Akasimama, akatazama kule alikolala, akalitazama sanduku. "Nikilifungua lazima niandike jina na namba. Gari nalo tumepewa kwa ajili ya wachezaji. Subirini mpira uishe, uko karibu." Sidhani alikuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyekabidhiwa karatasi, akaiogopa kuliko alivyomwogopa Mungu. Mgonjwa haulizwi uji, lakini sisi tuliulizwa. Mama Kabula alifika kutoka mwaloni, unga ungali mikononi, akakaa chini akakipakata kichwa cha mwanawe, na tulisubiri hivyo mpaka kombe likakabidhiwa.

Kwenye zahanati walisema paja limevunjika karibu na nyonga, apelekwe hospitali kubwa mjini. Utaratibu wa shule ulikuwa kwamba mwanafunzi aliyeumia michezoni hupelekwa na shule. Kwa hiyo kamati ya shule ikaitishwa kujadili swali ambalo leo watu hulijadili wakiwa wamekaa vizuri kwenye viti: je, kushangilia ni mchezo? Sisi sita tulijibana dirishani tukasikiliza. Mwalimu Bujiku alieleza taratibu, kama anafundisha: mchezo una kanuni, una mwamuzi, una mshindi, kushangilia hakuna hata kimoja kati ya hivyo. Wengi waliitikia kwa vichwa. Ndipo aliposimama bibi yake Kabula, aliyekuwa amesafiri siku nzima kutoka Shinyanga, mcheza ngoma wa zamani mwenye mgongo ulionyooka.

"Kwetu anayecheza ni yule anayetazamwa," alisema. "Siku ile mlikuwa mnatazama nini?"

"Mpira, Mayu," mwenyekiti alimjibu kwa heshima, kama mtu anavyomwita mama.

"Na mjukuu wangu alipokuwa juu, mlimtazama hamkumtazama?"

Bibi aliwazungushia macho mmoja mmoja.

"Mlimtazama wote. Mliacha kumtazama alipoanguka."

Alikaa. Nilidhani tumeshinda. Lakini kamati iliandika kwamba mwanafunzi aliumia katika shamrashamra, si katika michezo, ikampa pole. Mama Kabula, ambaye hakuwa na njia nyingine, alimpeleka kwa fundi wa kuunga mifupa kijiji cha pili, mtu mwenye mikono mizuri kwa mkono au kidole, si kwa nyonga. Alimfunga kwa vipande vya mwanzi. Mfupa uliunga, lakini uliunga ukiwa mfupi. Kabula hakurudi shule mwaka ule, wala uliofuata. Nilipokwenda kumwona nilikaa mlangoni, nikazungumza habari za wengine. Habari ya shingo yangu sikuisema.

Miaka imepita, na mimi sasa ni mwalimu wa michezo, Kagongwa, ambako harufu ni ya mpunga unaokobolewa badala ya mawe. Nimelifikiria sana swali lile, na ningependa kulijibu kwa upole, kwa sababu Mwalimu Bujiku hakuwa mjinga. Alisema kweli kwamba mnara wetu haukuwa na kanuni wala mwamuzi. Alichokosea ni kudhani kwamba hiyo ndiyo sababu ya kutuacha nje ya orodha. Ungekuwa na kanuni, mtu angetuambia ghorofa tatu ni nyingi kwa watoto. Ungekuwa na mwamuzi, mtu angeikagua ile changarawe. Mpira wa miguu nao haukuzaliwa na kanuni. Ulipewa kanuni na watu walioona kwamba unavunja miguu. Kwangu mimi jambo si jezi wala kombe. Kinachoweza kumvunja mtoto mbele ya watu wanaompigia vigelegele kinastahili sanduku, gari, na jina lake liandikwe.

Wasichana wangu wa Kagongwa waliponiomba mwaka huu wajenge mnara, nilitaka kukataa. Nikakumbuka uso wa Kabula akiwa juu. Nikawaruhusu ghorofa mbili tu, kwa sharti kwamba wajifunzie kwenye ardhi ile ile ngumu watakayochezea, juu ya magodoro tutakayokwenda nayo kila mahali. Hapa pumba za mpunga zimelala vilima nyuma ya mashine, hazina mwenyewe. Nilichohitaji ni mshonaji, nikasafiri na viroba vitupu vya kujazia pumba hizo mpaka Buseresere, ambako Kabula ana cherehani. Ni ya kuzungushwa kwa mkono. Ya kukanyaga mguu wake hauiwezi. Alishona siku mbili, na siku ya pili, uzi ukiwa mdomoni mwake, nilimwambia. Kwamba niligeuka. Kwamba lilikuwa bega langu.

"Najua," alisema. "Niliona kisogo chako kinageuka. Nilikuwa juu, Zawadi. Nilikuwa naona kila kitu." Akautoa uzi, akautia kwenye sindano. "Bao lenyewe ulilionaje? Maana mimi sikuliona."

Nikamwambia lilikuwa bao baya, mpira ulimgonga mtu gotini ukaingia. Alicheka kidogo, akaendelea kuzungusha gurudumu.

Orodha yangu ya wanamichezo ilirudi kutoka ofisini ikiwa na majina sita ya wasichana wa mnara yamekatwa kwa kalamu nyekundu. Nilikwenda kwenye mechi hata hivyo, na magunia ya pumba, na filimbi yangu shingoni. Kipindi cha kwanza mtoto wa juu, Neema, aliteleza. Aliangukia magunia, akaketi akiwa na pumba kwenye nywele, amejishika kiwiko. Nilipuliza filimbi kwa nguvu zote nilizokuwa nazo. Wachezaji wakasimama. Mwamuzi alikuja mbio amekunja uso.

"Nani amepuliza?"

"Mimi. Mchezaji ameanguka."

Alimtazama Neema, akatazama magunia. "Huyu? Namba ngapi?"

Sikuwa na namba ya kumpa. Nilipiga magoti nikaanza kumkagua mtoto kiwiko, mwamuzi akiwa amesimama juu yangu. Kiwiko kilikuwa kizima. Baadaye nilipewa barua ya onyo kwa kuvuruga mchezo, nayo iko kwenye faili langu.

Jioni ile nilimpigia Kabula simu nikamsimulia. Gurudumu la cherehani, lililokuwa likisikika nyuma ya sauti yake, lilisimama.

"Mpira ulisimama?"

"Ulisimama."

"Kwa muda gani?"

"Dakika moja. Labda na nusu."

Nilimsikia akipumua. Kisha nikasikia gurudumu la cherehani likianza kuzunguka tena, polepole, kwa mkono.