Jaji Aliyemshukuru Rais

Mdogo wangu walimkamata Amerika siku aliyokwenda kuripoti, kwa miguu yake mwenyewe, shati kalipiga pasi. Kila mwaka alikuwa akienda hivyo hivyo. Anaingia ofisi ya uhamiaji, anaonesha uso, anaambiwa nenda, rudi mwakani. Ombi lake la ukimbizi walishalikataa zamani, lakini walimwacha akae, akafanya kazi, akaoa, akazaa binti. Mara hii hakutoka. Mkewe alikaa garini na mtoto mpaka maegesho yakabaki matupu, ndipo akanipigia mimi, wifi yake, huku Hounslow, kwa Waingereza.

Mimi ni mtu wa amri. Mama yetu alikufa mapema, na wadogo zangu niliwalea mimi, na tabia hiyo haijanitoka. Hata wazee ninaowaogesha kazini wananiogopa kidogo. Nasema haya mapema ili ijulikane kwamba sikuvutwa na mtu. Niliyoyafanya niliyafanya kwa mdomo wangu.

Walimweka kizuizini kwenye jimbo moja la kusini, mbali na kwake. Wifi yangu akamtafutia wakili, mama mmoja wa makamo, mpole, asiyeahidi kitu. Yule wakili akapeleka ombi mahakama ya shirikisho, kwamba huyu mtu amefungiwa kinyume cha sheria, aachiwe. Serikali nayo ikamletea mdogo wangu fomu: atie saini akubali kurudishwa kwao Pemba, atatoka humo haraka. Basi ikawa mambo mawili tu. Asaini, aipoteze Amerika na waliomo, au akae ndani amngoje jaji.

Nikamuuliza wakili, jaji mwenyewe nani? Akasema majaji wa pale hupangiwa kesi na kompyuta, na sisi tumempata fulani. Nikamuuliza tena, wa nani huyo? Hakunielewa. Kwetu ukitajiwa mtu, kabla hujauliza ana elimu gani, unauliza ni wa nani. Ukishajua ni wa nani, mengine yote umeshayajua. Marehemu baba alikuwa tarishi wa mahakama ndogo, na alikuwa akirudi mchana anatwambia kesi ya kesho itakwishaje. Hakuwa mchawi. Alikuwa anajua nani kamleta nani.

Nikamwambia binti yangu anitafutie kwenye simu yake. Yeye anafanya kazi uwanja wa ndege, amezaliwa hapa, namsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza, ndivyo tunavyoishi. Ukurasa wa yule jaji ukatoka, na loo, kama umeandikwa kwa ajili yangu! Mstari wa juu kabisa: ameteuliwa na rais fulani. Ndiye yeye yule aliyetoa amri watu kama mdogo wangu wakamatwe.

"Basi," nikasema, "kesi imekwisha."

Binti yangu akaja juu. Akanieleza, na alieleza vizuri, siwezi kusema sikuelezwa. Rais anamtaja mtu, Seneti wanamhoji na kumpigia kura, akishapita anakaa kwenye kiti chake maisha. Rais hawezi kumfuta kazi. Mshahara wake haupunguzwi. Wa kumtoa ni bunge lao tu, na hilo ni jambo la nadra. Hakimu wa uhamiaji, yule aliyemnyima mjomba wake, yaani mdogo wangu, ukimbizi zamani, ni mwajiriwa wa serikali, huyu sivyo. Huyu hana tena cha kuogopa wala cha kuomba.

"Ah wapi," nikamwambia. "Nioneshe akisema."

Tukaitafuta video ya siku aliyohojiwa na maseneta. Amekaa mezani, mwembamba, tai ya buluu, mke na watoto nyuma yake wamepangwa vizuri. Kitu cha kwanza alichofungua mdomo kukisema: namshukuru Rais kwa kuniteua. Nikasonya. Nikamwambia binti yangu, umemsikia? Kashukuru. Akasema, mama, wote wanashukuru, ni adabu tu, akanionesha na mwingine, wa rais mwingine, naye kashukuru. Sikutaka kuona. Nilikotoka mimi, mtu akishukuru namna ile mbele za watu, keshajifunga. Yule wakili naye alinitumia hukumu moja ya zamani ya jaji huyo, kurasa nyingi, akaniandikia: simjui moyo wake, namjua kwa maandishi yake, tafadhali soma. Sikusoma. Nilisema nina zamu, na kweli nilikuwa na zamu, lakini siku za mapumziko je?

Mdogo wangu alikuwa hawezi kupigiwa, anapiga yeye. Akimpigia mkewe, mkewe ananiunganisha. Siku hiyo ilikuwa saa tisa mchana, kwao bado asubuhi, nami nimejifungia kwenye chumba cha kufulia cha pale kazini, mashine zinazunguka. Sauti yake ilikuwa imekwisha. Akasema kuna Mkongo mmoja wanalala naye chumba kimoja, wakili wao mmoja na jaji wao mmoja, na yule Mkongo anasema atangoja. Mkewe akasema, na sisi tungoje, baba. Mdogo wangu akakohoa. Halafu akaniuliza.

"Dada, weye ndiye mkubwa. Unasemaje?"

Nikamwambia kila kitu. Nikamwambia jaji ni wa nani, na alivyoshukuru. Nikamwambia usioze humo kwa kumngojea mtu aliyekwishakula kiapo na rais wake, saini, urudi nyumbani ukiwa na afya yako, mkeo na mtoto tutawatafutia njia. Wifi yangu akawa analia tu. Nami nikamwambia, tena kwa ukali, anyamaze, kulia hakumtoi mtu ndani. Mungu anisamehe.

Akasaini. Wakili aliondoa ombi mahakamani, akaniandikia mstari mmoja kwamba amefanya kama alivyotakiwa na mteja wake.

Haukupita mwezi tangu mdogo wangu afike Pemba, kwenye nyumba ya marehemu baba, jaji akamtoa yule Mkongo. Wakili alinitumia hukumu bila neno lolote, na hiyo niliisoma, kwenye basi, nikapitwa na kituo changu. Jaji aliandika kwamba serikali haiwezi kumfungia mtu bila kuonesha itamfikisha wapi na lini. Aliandika kwamba nani yuko madarakani si hoja ya kisheria. Aliandika kwa ukavu kabisa, hakumpendelea mtu, na mwisho: aachiwe leo. Kisha nikaifungua ile ya zamani niliyotumiwa. Maneno karibu yale yale. Nilikuwa nayo mfukoni wakati ule namwambia mtu asaini.

Nilishuka nikakaa kituoni. Niliona haya, na nilijichukia, sina neno jengine. Mtu wangu alikuwa amebakisha wiki chache tu avumilie.

Miezi ikapita sikumwambia. Kila tukizungumza namuuliza amekula nini, mvua zimenyesha, paa linavuja au halivuji. Binti yake alikuwa akimpigia kila siku mwanzoni, na mdogo wangu akinisimulia mambo ya skuli yake. Halafu akaacha kunisimulia, nami sikuuliza, kwa sababu nilikuwa naogopa maneno yasije yakafika kule nisikotaka.

Mwezi uliopita nikaona nitakufa nalo. Nikampigia baada ya adhuhuri, nikamwambia moja kwa moja: yule jaji alimtoa mwenzako. Angekutoa na weye. Niliyekukosesha ni mimi.



"Najua, dada. Yule Mkongo alinipigia siku ile ile, hata kwake hajafika."

"Siku ile ile? Na muda wote huu umenyamaza?"

"Nilikuwa nangoja uniambie mwenyewe."

Nikalia, nikamwomba radhi. Akasema imeshapita, nisijiumize. Nikamwambia nitazungumza na mtoto, nimweleze, ajue baba yake hakuwa na kosa.

"Usimwambie," akasema. "Aliniuliza nani alinambia nisaini. Nikamjibu hakuna, nilitaka mwenyewe kurudi kwetu. Mamake nimemwomba asiseme kitu." Nikamsikia anavuta pumzi. "Tangu siku hiyo hapokei simu yangu."