Sista Dorcus Dhidi ya Sufuria

Ifahamike kwa wakulima, waumini na wanywaji chai wote, kuanzia Sigowet mpaka Merigi, ya kwamba mwaka wa 1995 serikali, kwa hekima yake ambayo hatuihoji, ilituletea Muuguzi Dorcus Ojwang, mwanamke mfupi wa sweta ya buluu, aje kupigana na ugonjwa wa sukari katika nchi ambayo mgeni akinyimwa chai tamu huenda kuripoti kwa chifu.

Alitoka upande wa ziwa. Kwao, alisema, mgeni hupewa samaki, na samaki hajamkata mtu mguu bado.

Kliniki yake ilikuwa kila Jumatano. Alikuwa na benchi, mizani, taa ya spiriti na chupa ya dawa ya buluu. Unaleta mkojo, anatia matone manane ndani ya dawa, anachemsha, mnangoja pamoja kama watahiniwa. Ikibaki buluu, nenda nyumbani. Kijani, kuna maneno. Njano, chungwa, mambo yanaharibika. Ikifika rangi ya tofali, gawa ng'ombe mapema.

Mzee Johana, mzee wa kanisa na mwenye ekari mbili za majani chai, alikuwa buluu kila Jumatano. Buluu ya mbinguni. Lakini kidonda kwenye kidole gumba cha mguu wa kushoto, ambacho Januari kilikuwa kama punje ya haragwe, kufikia Aprili kilitoshana na kifuniko cha soda. Daktari wa hospitali kubwa akampa mpaka mwisho wa Juni: kisipofunga, kidole kinakatwa, na kidole kikikatwa mguu huanza kufikiria kukifuata.

"Mkojo wa malaika, kidole cha shetani," alisema Dorcus. "Mzee, unakula nini?"

"Sista, mimi ni mtu wa mboga."

Siri yake tuliijua wote isipokuwa yeye Dorcus. Sisi ni watu wa kupimiwa majani. Unachuma kila kitu, majani mazee na vijiti, kisha kabla karani wa kupima hajafika unaketi nyasini unachambua mpaka yabaki majani mawili na kichipukizi. Johana alichambua mkojo vivyo hivyo. Kuanzia Jumatatu alikula kabichi ya kuchemsha na maji. Jumatano asubuhi, buluu. Jumatano saa nne, alishakuwa kwa Mama Kipruto akipewa kikombe. Wagonjwa wengine walianza kumwomba ushauri.

Jumamosi moja Dorcus alikuja kumwona huyo Mama Kipruto, Tecla, aliyekuwa amejifungua. Akamkuta Johana pale, amekuja kuombea mtoto.

"Chamgei, Sista," Johana akasalimu, kikombe kikihamia nyuma ya Biblia.

"Hiyo ni ya ngapi?"

"Ya kwanza kwa hii nyumba."

Sista alifungua mkoba, na humo hakukuwa na poda wala lipstiki. Mzee wa kanisa akapelekwa nyuma ya jikoni na kopo. Dawa ikachemshwa palepale kwenye jiko, kando ya sufuria ya chai. Ikatoka tofali. Tecla akasema ndiyo rangi aliyokuwa akiitafutia sakafu.

"Karani wa majani utamdanganya," Dorcus akasema. "Kidole utakidanganya?"

"Sasa nifanye nini? Sukari imechemkia ndani. Nimwambie mama wa watu amwage sufuria nzima? Na nina nyumba tano za kutembelea leo."

Hapo alisema kweli. Kwetu maziwa, majani na sukari huingia sufuriani pamoja, na mwanamke ambaye sufuria yake haina sukari husemwa mpaka siku ya mazishi yake. Dorcus akanywa chai yake, kwa sababu alishawekewa.

Alhamisi iliyofuata, kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa, hakugusia ugonjwa hata kidogo. Aliteremsha sauti akawaambia kwamba kwa meneja wa kampuni ya chai, kule kwa estate, sukari haipikwi. Huletwa peke yake, kwa kibakuli chenye kifuniko na kijiko kidogo. Kuipikia ndani ni ushamba.

"Ushamba wa nani?" Tecla akauliza.

"Sijataja mtu."

Kabla ya mwezi kuisha, vibakuli vya kifuniko vilikwisha madukani Merigi. Johana akawa anaketi mbele ya kibakuli, nyumba nzima ikiutazama mkono wake, maana mkewe Janeffer alishapita kila mlango akieleza habari za kidole. Kila nyumba ikapata karani. Akijaribu kijiko, mtu anakohoa.

Ikaja kijani, kisha buluu, buluu ya Jumatano na ya Jumamosi. Kidonda kikarudi kuwa haragwe, kikawa dengu. Mwisho wa Juni daktari akakitazama akarudisha kisu chake.

Kanisa likafanya shukrani. Johana alisimama kwa miguu yote miwili na kuhutubu dakika arobaini.

"Ndugu zangu, tulikuwa gizani na sufuria zetu. Huu mguu umeokolewa na ustaarabu. Sasa Sista asimame atuambie: kwa meneja ulifanya kazi miaka mingapi, mpaka ukajua siri zao?"

Tecla alishatoa kalamu.

"Hata geti sijawahi kupita," akasema Sista Dorcus. "Vua kiatu nione kidole."