Mbao Hazijaja

Bweni la wasichana lilikuwa na vitanda mia tatu na kumi na viwili, na hakukuwa na hata kimoja ambacho Fundi Chaga hakuwahi kukigonga msumari. Jina lake halisi lilibaki kwenye karatasi za ajira tu. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa seremala wa chuo, mtu wa maneno machache, penseli sikioni. Wiki moja kabla ya masomo kuanza alizunguka chumba hadi chumba na rejista. Kitanda alichokiandika "kizima" kilibaki kwa mwanafunzi wake. Alichokiandika "kibovu" kilikatwa kwenye orodha. Hakuna aliyepita nyuma yake kuhakikisha. Fundi akisema, amesema.

Mwaka ule kitindamimba wake alichaguliwa kusoma chuoni hapo. Nyumbani kwao kulikuwa mbali, safari ya siku nzima. Hata fundi mwenyewe alilala kwenye banda la wafanyakazi na kurudi kwake kila mwisho wa mwezi. Orodha ya vyumba ilipobandikwa, jina la binti halikuwemo. Walioomba walikuwa mara nne ya vitanda.

Baba na mwana wakatoka kutafuta chumba cha kupanga nje ya geti. Kilichopatikana kilikuwa stoo ya zamani: magodoro manne sakafuni, dirisha halina nondo, mlango umefungwa kwa waya.

"Nitajikaza, baba," binti alisema, macho kwenye lile dirisha.

Kesho yake fundi aliingia chumba namba ishirini na saba, akakitikisa kitanda cha juu. Hakikutoa hata mlio. Yeye mwenyewe alikuwa amekibadilishia chaga, zile mbao za kubeba godoro, mwezi uliopita. Akasimama pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akachomoa penseli, akaandika: kibovu.

"Nafasi imepatikana, mama," alimwambia binti yake, maana alikuwa amerithi jina la mama yake fundi. "Ila usiipigie tarumbeta."

Binti akahamia Jumapili; kitanda kilichokatwa kwenye orodha hakuna aliyekiulizia. Jumatatu akaja mwenye kitanda, msichana mwembamba mwenye sanduku la bati na barua yenye mhuri na namba ya kitanda. Matroni wa bweni aliisoma, akaguna.

"Kitanda chako kimekatwa, mwanangu. Ni kibovu. Muulize fundi, yule pale."

Msichana akamsogelea. "Shikamoo, baba. Kitanda changu kitapona lini?"

"Marahaba." Fundi Chaga aliigusa penseli sikioni. "Mbao hazijaja."

"Basi nitasubiri."

Na kweli alisubiri. Alikuwa akilala kwa shangazi yake upande wa pili wa mji, mabasi mawili kwenda na mawili kurudi, na majaribio ya asubuhi yalianza yeye akiwa bado njiani. Kila mchana alipitia karakana kuuliza. Siku moja alimkuta fundi akiupiga randa ubao mpana, safi.

"Hizi si mbao, baba?"

"Hizi ni za meza ya mkuu."

Msichana akacheka kidogo. "Kumbe mbao nazo zina wenyewe."

Fundi alitamani msichana amtukane, maana tusi angelistahimili. Yule hakutukana. Aliaga kwa adabu, akaenda zake.

Wiki ya tano, mchana mmoja, msichana hakuonekana. Aliyekuja karakana ni binti yake, akasimama mlangoni asiingie.

"Baba, kuna mwenzangu nasoma naye. Jana kichwa kilikuwa kinamuuma, nikamkaribisha chumbani ajinyooshe. Akaisoma namba ya kitanda changu. Akatoa barua yake kwenye mkoba, akaisoma nayo. Namba ni ileile."

"Akasema nini?"

"Alinishukuru kwa maji ya kunywa, akaondoka. Leo nimeambiwa ameacha chuo. Amerudi kwao."

"Nilifanya kwa ajili yako, mama."

"Najua. Ndiyo maana siwezi kulala pale."

Siku hiyohiyo binti akabeba godoro lake kwenda ile stoo ya nje ya geti. Fundi akaenda moja kwa moja kwa matroni, ameazimia kutapika yote.

"Matroni, kile kitanda cha ishirini na saba..."

Matroni akainua mkono. "Fundi, ukiniambia zaidi ya hapo itabidi niandike, na ajira yako itakwenda na maji. Kimepona au hakijapona?"

Alifikiria ada ya binti yake. Alifikiria miaka kumi na tisa.

"Kimepona," alisema.

Kitanda kikapewa mtu wa tatu. Fundi alikwenda masijala kuuliza kwao yule msichana ni wapi. Karani akamjibu kwamba anwani za wanafunzi hazitolewi, na isitoshe, huyo si mwanafunzi tena.

Alitengeneza mlango wa mninga, akaupeleka stoo begani mwenyewe. Binti alimwamkia, akamletea kiti, akampa maji. Kuhusu mlango alisema, "Asante, baba. Mwenye nyumba ataleta fundi." Fundi akarudi nao hivyohivyo, watu wakimtania njiani kwamba amehama nyumba akasahau kuta.

Mwisho wa mwezi mkewe alimwuliza, "Mbona mwanao hapigi simu siku hizi?"

"Masomo," alisema Fundi Chaga.

"Nawe mbona huli?"

Fundi akanawa mikono, akatoka kukaa nje, na mkewe akaufunika mlo.