Tone la Iodini kwenye Samli ya Dana

Juzi binti yangu alinitoa nyumbani kwa lazima akanipeleka Migori mjini, na wewe unanijua mimi na safari. Nilirudi na kopo la samli lililoandikwa kwamba ni safi kabisa. Nikafungua, nikanusa. Halinukii kitu. Nikakaa nalo mapajani, na mara nikawa nyumbani kwetu karibu na Homa Bay, miaka ya sitini, likizo ya fomu wani, msomi wa pekee bomani. Kwa maoni yangu.

Nyanya yangu, tuliyemwita Dana, alikuwa mpika samli. Asubuhi aliketi chini, miguu kainyoosha, akitikisa kibuyu cha maziwa hadi mlio ukawa mzito na siagi ikajitenga. Kisha chungu, moshi wa kuni, na harufu ya siagi ikiiva ambayo ingemwinua mgonjwa kitandani. Ikishapoa iliingia kwenye debe, na siku ya soko debe likaenda dukani mjini. Wateja waliomba samli ya yule mama, wala hawakutaka nyingine.

Basi siku moja mwenye duka akamrudishia debe mbele ya watu.

"Mama, hii iko na unga. Angalia chini."

Kweli, chini kulikuwa na chembe nyeupe. "Mimi sijui kuchanganya," Dana akasema, akajitwika debe lake. Tulipofika nyumbani, jirani yetu alikuwa ameshapata habari, akamwita Dana kwa Kijaluo, mama Ouma.

"Min Ouma, siku hizi unapika samli ama uji?"

Hapo nikaapa kulisafisha jina la nyanya yangu. Mwalimu wa kemia alitufundisha: tia tone la iodini, likibaki rangi ya chai, hakuna wanga, likigeuka buluu ya kukaribia weusi, wanga upo. Iodini ilikuwa dispensari, ile dawa ya vidonda inayouma. Nikajikwaruza goti kwa jiwe, nikaenda nikichechemea. Dresa, yule mfunga vidonda, akanipaka, akafunga chupa yake. Kesho yake nikajikwaruza goti la pili. Siku ya tatu nikaenda na kiwiko.

"Wewe msichana, chukua hiki kichupa ujipake mwenyewe. Umenichosha."

Nikamwita Dana. Nikamwita na jirani, maana nilitaka anyamazishwe vizuri. Nikachota samli ya chini ya debe, nikatia maji moto, nikatikisa, nikangoja ipoe. Nikadondosha.

Nyeusi kama sufuria.

"Msomi," jirani akasema, "hiyo rangi inasemaje?"

Dana alinitazama, akingoja. Ningeweza kudanganya, maana ya rangi ile niliijua mimi peke yangu. Lakini nilikuwa nimekumbuka vidole vyangu. Kwetu ugali huchovywa kwenye samli, hilo si kosa, samli ya mezani ipo. Mimi nilichovya kwenye debe la kuuza, kila jioni Dana akienda kukamua, na tonge moto halishikiki vizuri. Mengine yalinitoka, yakazama.

"Inasema kuna wanga," nikasema. "Wanga ni ugali. Ugali ni mimi."

Jirani alicheka hadi akashika ukuta. Dana hakucheka. "Nyakwara," akaniambia, yaani mjukuu wangu, "hiyo dawa yako haina undugu. Kesho utaenda kusema hivyo hivyo dukani."

Nikasema, mbele ya wateja, Dana kanishika mkono, magoti yakiniwasha. Mwenye duka alicheka pia, akasema Dana alete tu lile debe, atalichuja. Dana akakataa. "Lile haliuzwi. Nitaleta lingine, na huyu atalipima hapa hapa."

Lile la kwanza tulilila wenyewe, nami nikanenepa kwa aibu. La pili nililipima juu ya kaunta. Tone likabaki rangi ya chai. Mwenye duka akalibeba debe ndani kwa mikono yake mwenyewe, na Dana akanunua sabuni kana kwamba hakuna kilichotokea.

Sasa Dana hayupo, duka linauza simu, na bomani hakuna anayejua kutikisa kibuyu, mimi nikiwa wa kwanza. Samli nimezoea kuikosa. Nisichozoea ni kukosa mtu wa kunishika mkono kama yeye, mimi mzee mzima, anipeleke mahali nikaseme ukweli ambao hakuna aliyeniomba.