Alama ya Moto

Fundi wa stika pale maegesho ya malori Kihonda si msemaji, na Raya, anayepika wali hatua chache kutoka kwenye kigoda chake, amezoea kumtazama mikono. Huipangusa bodi kwa kiwiko, huibandika stika, kisha huifukuza hewa kwa kipande cha kandambili kuukuu, taratibu, kama anayemnyoosha mtoto shati. Alama za mlangoni humwambia lori limepita Zambia au limetoka Kongo, naye huzisoma zote kabla ya kumsalimia dereva.

Juzi dereva wa lori la mafuta alimjia na wenzake watatu, wote wana njaa. "Fundi, nibandulie ile alama ya moto. Mlinzi ananizuia kuegesha huku kwa mama lishe, na tangi lenyewe tupu, nimeshashusha Lubumbashi."

"Tupu ndilo lenye mvuke unaoshika moto. Limeoshwa?"

"Bado."

"Basi alama inakaa."

Raya alikuwa ameshapakua sahani nne. "Fundi, unanifukuzia wateja."

"Dada Raya, jiko lako linawaka."

Fundi alilowesha kitambaa, akaenda, dereva na wenzake wakimfuata, hadi kwenye lori kule uzioni lilikozuiliwa, akaifuta ile stika vumbi lote la safari mpaka wekundu wake ukaonekana kutoka barabarani. Raya alimtazama hadi alipomaliza. Kisha akazifunika sahani zote nne, akazipanga kwenye sinia, akajitwika kuwapelekea wateja wake kule kule uzioni.