Vidonge Ambavyo Sikuvihesabu

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu, mwanangu, haikuwa ya harusi wala ya kupewa diploma. Ilikuwa siku ya kazi, asubuhi, katika uwanja wa nyumba moja ya mtaa wa Saio, hapa Bunia, na mimi nimekaa kwenye kiti cha plastiki, fishi, ile karatasi ya maswali, juu ya goti. Nakueleza leo kwa sababu mama yako ameniambia wamekuchukua katika enketa ya afya, na kwamba Jumatatu unaanza kupita nyumba kwa nyumba kuuliza wagonjwa. Nimefurahi sana. Nimeogopa pia, na kwa nini nimeogopa nitakuambia wazi, maana katika umri huu sina tena muda wa kuzungukazunguka.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nimetoka kwetu Mahagi na diploma ya uuguzi na kiburi chake. Madaktari fulani walileta utafiti. Walitaka kujua kama watu wenye magonjwa ya kudumu, tansio, yaani shinikizo la damu, na sukari, wanaweza kutunzwa vizuri katika kituo cha afya cha mtaani, na muuguzi wanayemjua, bila kwenda kila mara hospitali kubwa. Swali zuri, na hadi leo naliona zuri. Mtu wa tansio hatibiwi mara moja akaenda zake. Anatunzwa miaka na miaka, na miaka hiyo yote anaishi kwake, na kazi zake na safari zake. Ndiyo maana sisi wa enketa tulitumwa majumbani. Kazi yangu ilikuwa kumuuliza mgonjwa anakunywaje dawa, kisha kumwomba azilete, nivihesabu vidonge vilivyobaki na kuandika. Fishi ilirudi kwa muuguzi mkuu wa kituo, mwanamke mmoja mpole wa sauti, Mama Zawadi. Mgonjwa akiwa anakunywa dawa zote na tansio bado iko juu, Mama Zawadi alimwongezea dawa. Kama hazinywi, alimwita kwanza wakae, wazungumze.

Sasa, katika uwanja ule wa Saio nilikuwa kwa Mama Kavira. Alikuwa mfanyabiashara, familia yake ilihama kutoka pande za Butembo. Mara tatu kwa juma alipanda lori kwenda Komanda kununua mchele na mafuta ya mawese, akarudi kuviuza hapa Bunia. Umri wake ulikuwa wa mama yangu mzazi. Alinipokea na chai ya maziwa na mandazi ya moto, akaniuliza habari za wazazi wangu mmoja mmoja kwa majina, ingawa majina yenyewe nilikuwa nimemtajia dakika tano tu zilizopita.

Nikamuuliza, "Mama, dawa unakunywa kila siku?"

"Niko nakunywa, mutoto yangu," akasema. "Kila siku, asubuhi."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema, Mama, niletee hizo dawa nizione. Sikusema. Niliona haya. Wewe mwenyewe umelelewa hapa, unajua: mama amekumiminia chai, amekuita mtoto wake, halafu wewe umwambie alete vidonge vyake uvihesabu mbele yake? Ni sawa na kumwambia anadanganya. Nilijiambia kwamba ni heshima. Lakini ngoja kwanza, nisijipambe. Jua lilikuwa limeanza kuwa kali, nyumba tatu nyingine zilikuwa zinaningoja, na mandazi yalikuwa matamu. Nikapiga hesabu kichwani, vidonge alivyopewa nikatoa siku zilizopita, nikaandika jibu kwa mwandiko wangu mzuri. Mwezi uliofuata nikarudi, nikanywa chai, nikaandika vilevile.

Mama Zawadi alisoma fishi ya pili, akanitazama juu ya miwani.

"Uringi, ulihesabu?"

"Nilihesabu, Mama."

Tansio ya Mama Kavira ilikuwa juu, na karatasi yangu ilisema anakunywa kila kitu. Akafanya alichopaswa kufanya, akamwongezea dawa ya pili. Mimi nikaenda kula.

Miezi michache baadaye Masika, binti wa Mama Kavira, alikuwa anaolewa. Mama mtu akasimamisha safari za Komanda majuma mawili mazima ili apange mambo ya wageni. Na kwa kuwa alitaka kuwa na nguvu siku ya mwanawe, akanywa dawa zake zote, ile ya zamani na ile mpya, kila asubuhi, kama ilivyoandikwa. Jumapili moja kanisani, watu waliposimama kupeleka sadaka wakiimba, naye akasimama. Akatoka kwenye benchi, akapiga hatua mbili tatu, macho yakaingia giza, akaanguka juu ya ngazi ya sementi. Mfupa wa nyonga ukavunjika.

Kesho yake Mama Zawadi hakunifokea. Aliniambia tu nivae viatu tuende Saio. Masika akatutolea kopo la biskuti ambamo mama yake alitunza dawa. Mama Zawadi akavimwaga vidonge juu ya meza na kuanza kuhesabu, viwili viwili, kwa kidole. Alihesabu muda mrefu. Mimi nilisimama pale nikitamani ardhi ipasuke, maana kwa wingi wa vile vidonge hata mtoto wa shule ya chekechea angejua kwamba yule mama alikuwa hanywi dawa yake hata nusu ya siku za mwezi. Dawa ya pili hakuihitaji hata kidogo, alipewa kwa sababu ya uongo wangu, na alipozinywa zote mbili kila siku tansio ikashuka mno, akaanguka.

Tukalipeleka lile kopo hospitalini. Mama Kavira alikuwa amelala, mguu umefungwa. Mama Zawadi akakaa pembeni ya kitanda.

"Kavira, sikuje kugombana. Niambie tu, siku gani hii dawa inakushinda?"

Mama Kavira akanitazama mimi, akageuza uso ukutani. Mama Zawadi akaniambia nitoke. Nikasimama kwenye koridoo, mlango ukiwa wazi, na nilisikia yote.

"Ile dawa inaleta mukojo, dada yangu. Saa nzima niko naenda chooni. Na lori ya Komanda haisimame njiani, shofele anaogopa wanyang'anyi. Siye wamama tuko juu ya mizigo, katikati ya wanaume. Nitafanya nini? Siku ya safari siinywe. Na siku ya kutoka safari niko nimechoka, nasahau."

"Na Uringi amekuuliza. Hukumwambia?"

"Yule kijana? Yule ni mutoto yangu. Nitamwambia mambo ya mukojo?"

Mama Zawadi alipotoka, tulitembea mpaka mwisho wa koridoo. Kisha akaniuliza, "Weye umeshapanda lori ya Komanda?"

"Nimepanda, Mama. Mara nyingi."

"Ukibanwa, unafanya nini?"

Unajua tulivyokuwa tukifanya sisi wanaume, tunageukia pembeni ya lori, mambo yamekwisha. Miaka yote nimepanda lori lile na sikuwahi kujiuliza wale mama waliokaa katikati ya magunia wanafanyaje.

"Ile kidonge angeikunywa akishafika Komanda na kushuka," akasema Mama Zawadi. "Neno moja tu, na niko nalo hapa mudomoni. Lakini karatasi yako iliniambia hakuna haja ya kuzungumza naye."

Sijawahi kupigwa vibaya kama siku ile, mwanangu, na hakunigusa hata kwa kidole.

Nikaenda kwa daktari wa utafiti, nikamwambia kuna nyumba nyingine sikuhesabu. Alikasirika, alikuwa na haki. Akaniamuru nirudi kila nyumba, mguu kwa mguu na Mama Zawadi, na fishi zangu za zamani zisitumike. Katika kurudi kule ndiko nilikojifunza kazi. Mama Zawadi hakuuliza mtu kama anakunywa dawa. Aliuliza siku gani inamshinda, kisha akasema, haya, tuvihesabu pamoja. Watu wakafunguka. Muzee mmoja alikuwa anagawana dawa na mke wake, kwa kuwa naye aliumwa kichwa. Mama wa sukari alikuwa anaacha dawa siku za kufunga na kuomba, akiogopa kuonekana hana imani. Wote hao mimi walikuwa wameniambia, niko nakunywa, mutoto yangu, na mimi niliwaandika hivyo.

Masika aliolewa, mama yake akahudhuria amekaa kwenye kiti. Alipona, lakini mguu haukurudi kama zamani, na juu ya lori hakupanda tena. Aliweka meza ndogo mbele ya nyumba, akauza chumvi na sabuni. Mtu aliyezoea Komanda, sokoni kila mtu anamwita, sasa anangoja jirani aje kununua sabuni. Nilikwenda kumwomba msamaha. Nilieleza maneno mengi, nikamwambia niliona haya kumkagua mama aliyenipa chai.

Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Siku ile ungeniomba zile dawa, Uringi, ningekasirika. Ningekasirika siku mbili, tatu. Halafu leo ningekuwa Komanda."

Akanimiminia chai. Niliinywa na machozi, sioni haya kukuambia.

Basi sikia ninachokutakia Jumatatu. Usiulize swali ambalo jibu lake la adabu ni ndiyo, maana watu wetu wana adabu, watakupa hiyo ndiyo na chai juu yake. Uliza siku gani inamshinda. Kabla ya kumuuliza, fikiri siku yake yote: anaamka saa ngapi, anapanda nini, anakaa kati ya nani. Ukiona mama anaona haya na wewe, mwite dada wa kituo akae naye, wewe toka. Hesabu kwa kidole chako, na usichohesabu andika kwamba hukuhesabu. Hakuna daktari atakayekumeza kwa sababu ya nafasi tupu. Na mtu akikukasirikia kwa kuwa umemwomba dawa zake, mwache akasirike, kesho umsalimie.

Mungu akutangulie katika kila uwanja utakaoingia. Akupe masikio ya kusikia na uso usioogopa kununiwa. Na wale watakaokukasirikia, akuwekee wote wazima, wakinuna na kutembea kwa miguu yao.